SHAHADA ZA USHIRIKA: USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO

Bwana Mhariri,

Twaomba nafasi katika gazeti la chama chetu tupate kusema neno juu ya jambo tunaloliona kila siku mezani petu, walakini hatujapata kulijadili mkutanoni. Jambo lenyewe ni hizi shahada za ushirika, hasa za uzamivu, ambazo mwanafunzi mmoja hulelewa na vyuo vikuu viwili au zaidi vya nchi mbalimbali. Wako wanachama watakaouliza: mambo ya maprofesa yatuhusu nini sisi makarani? Yatuhusu sana. Barua ya kuomba likizo ya masomo hupita kwetu. Mkataba wa kurudi kumtumikia mwajiri hupigwa chapa na sisi. Mgeni atakaye kibali cha kufanya utafiti nchini, jalada lake hufunguliwa na sisi. Na mwenzetu arudipo na cheti chake, ndisi tunaoulizwa: cheti hiki ni cha wapi, na mwenye nacho apandishwe ngazi gani? Tena wengi wetu twatamani kusoma zaidi, na sote tuna watoto.

Twasema wazi tangu mwanzo kwamba sisi si maadui wa ushirika. Mkono mmoja haulei mwana, na hakuna chuo duniani chenye walimu wa kila elimu. Neno letu ni hili: ushirika unaostahili jina hilo ni ule ambao kila upande hutoa swali, hutoa mwalimu, hutoa mwanafunzi, na huweka jina lake juu ya cheti. Ushirika wa namna hiyo ulio karibu nasi kuliko wote, yaani wa sisi kwa sisi katika Afrika ya Mashariki, tulikuwa nao tukauacha ukavunjika. Sasa twakimbilia wa mbali, kila chuo na barua yake, na huko aghalabu hupewa kiti cha mgeni.

Na tukumbushane tulikotoka. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Hata Mwalimu Nyerere aliposoma pale, kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, alitoka na diploma ya ualimu wala si shahada, maana shahada ilikuwa haitolewi. Ilimbidi avuke bahari aende Edinburgh, akapata shahada yake mwaka 1952. Katikati ya mambo hayo ikaja Tume ya Asquith, iliyoundwa mwaka 1943 ikatoa taarifa yake mwaka 1945, ikashauri kwamba vyuo vya makoloni vifungamane na Chuo Kikuu cha London mpaka vitakapokomaa. Ibadan na Legon vilianza hivyo mwaka 1948, na Makerere ikaingia mwaka 1949. Chuo cha Dar es Salaam nacho, kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini, kilisomesha kwa shahada ya London.

Utaratibu ule hatuubezi. Walimu wa Kampala walishiriki kutunga mitihani na kuisahihisha, na mafundisho yaliweza kurekebishwa yapatane na mambo ya kwetu. Cheti kilichotoka hakikutiliwa shaka na mtu. Lakini jina lililokuwa juu yake lilikuwa moja tu, nalo halikuwa letu. Kijana alisoma Kampala, akafundishwa Kampala, akatahiniwa Kampala, kisha akaitwa mhitimu wa London. Huo ulikuwa ulezi, na mlezi mwema hufurahi mtoto akisimama. Haukuwa ushirika.

Tukasimama. Tarehe 28 Juni 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wake wa kwanza, nacho kilikuwa na vyuo vitatu ndani yake: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Hapo awali kila kimoja kilikuwa na sehemu yake. Atakaye kuwa mganga alikwenda Makerere. Mhandisi na mganga wa mifugo walikwenda Nairobi. Mwanasheria alikuja Dar es Salaam. Vijana walivuka mipaka, wakalala bweni moja, wakabishana usiku kucha juu ya siasa za bara zima. Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda mwaka 1986, alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1967 na 1970. Cheti kilikuwa kimoja kwa nchi tatu. Karani wa Nairobi aliyeletewa cheti cha mtu aliyesoma Dar es Salaam hakuwa na haja ya kuuliza ni cha wapi, kwa kuwa kilikuwa cha kwake pia.

Ndugu wasomaji, hiyo ndiyo shahada ya ushirika. Hatukuletewa na mfadhili kama kitu kipya mwaka juzi. Tulikuwa nayo miaka saba, na tarehe 1 Julai 1970 tukagawana vyombo. Sababu zilikuwapo, wala hatusemi wazee wetu walikuwa wajinga. Kila nchi ilikuwa na mipango yake ya watu wenye ujuzi, ikataka wahandisi wake na waganga wake kwa hesabu yake yenyewe, wala haikutaka kungoja zamu katika chuo cha jirani. Lakini sababu ya kugawana vyombo si sababu ya kutojuana tena. Leo kijana wa Bukoba aliyesoma Kampala, mwendo wa basi tu, akirudi nchini na cheti chake, hana budi kukipeleka kwa Tume ya Vyuo Vikuu kikapimwe na kutambuliwa kama cheti cha ng'ambo, sawasawa na kilichotoka Oslo au Beijing. Kile ambacho mwaka 1966 kilikuwa chetu, sasa ni cha mgeni.

Haifai kusema kwamba hakuna lililofanywa. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika ya Mashariki lilianzishwa mwaka 1980, miaka mitatu tu baada ya Jumuiya ya kwanza kufa, na makao yake yako Kampala. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Tarehe 20 Mei 2017 Wakuu wa Nchi wakatangaza kwamba Afrika ya Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu. Tamko ni jema, nasi twalipigia makofi. Lakini sisi watu wa masjala twajua tofauti iliyopo baina ya tamko na waraka. Tamko husomwa mara moja mbele ya kamera. Waraka ndio unaomwambia karani afanye nini asubuhi cheti kikiletwa mezani.

Sasa tazameni wenzetu wa Ulaya walivyofanya, maana twapenda mno kuiga mavazi yao, na akili yao twaiacha. Mwaka huohuo wa 1999, tarehe 19 Juni, mawaziri wa nchi 29 walikutana Bologna, Italia, wakaahidiana kuzifanya shahada zao zisomeke kwa nchi zote. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ukaanza mpango uitwao Erasmus Mundus, wa shahada za ushirika, na kuanzia mwaka 2009 ukaongezwa uzamivu. Sharti lake lilikuwa kwamba vyuo vya Ulaya vinavyoungana visipungue vitatu, vya nchi tatu mbalimbali. Chuo cha Afrika kiliweza kuingia baadaye kama mwenzi, bali hakikuwa lazima. Hatuwalaumu. Walijenga nyumba yao kwanza, wakapatana juu ya mlango na ufunguo, ndipo wakawakaribisha wageni. Sisi twabisha hodi kwao mmoja mmoja, nasi nyumbani kwetu jirani hajui jina la jirani.

Na wageni nao hawakaribishwi kwa namna moja. Wafaransa, kwa amri ya mwaka 1994, waliweka utaratibu ambao mwanafunzi wa uzamivu huandikishwa katika vyuo viwili, kimoja cha Ufaransa na kimoja cha nchi nyingine. Huwa na wasimamizi wawili. Huitetea tasnifu yake mara moja tu, na utetezi huo hukubaliwa na pande zote mbili. Huo, kwa maandishi yake, ni ushirika. Waswidi nao, kwa shirika lao la utafiti lililoanzishwa mwaka 1975, walileta utaratibu unaoitwa wa sandwichi: mhadhiri hubaki mwajiriwa wa chuo chake cha Afrika, huenda Sweden miezi kadhaa kwa masomo na maabara, hurudi nyumbani kukusanya habari zake, kisha huenda tena. Makerere iliingia katika mpango mkubwa wa namna hiyo mwaka 2000. Wema wake ni dhahiri. Mtu hapotezi kazi yake, hang'olewi kwao, na swali lake lahusu udongo wa kwao na magonjwa ya kwao. Walimu wengi wanaofundisha watoto wetu leo walipata udaktari wao kwa njia hiyo, nasi twashukuru.

Lakini shukrani haituzuii kuuliza. Sandwichi ina vipande viwili vya mkate, na yampasa mtu kujua nyama ilinunuliwa na nani. Tangazo la nafasi likitoka na mambo ya kutafitiwa yamekwisha kuorodheshwa na mwenye fedha, mwanafunzi wetu huchagua swali kama mtu achaguavyo chakula kwenye orodha ya hoteli: kipo kilichoandikwa, kisichoandikwa hakipo. Mashine ya kupimia damu au udongo ikiwa ng'ambo tu, sampuli husafiri na ujuzi hubaki huko ziendako. Msimamizi wetu akiwa jina tu kwenye karatasi, asiyelipiwa saa zake wala safari yake, basi mwenye kuuliza na mwenye kujibu ni mtu mmoja. Na fedha ikikoma kwa sababu ya uchaguzi wa nchi ya watu, ambao sisi hatukupiga kura, mwanafunzi aliye mwaka wa tatu hubaki katikati ya mto, na mtumbwi umekwisha kwenda.

Tena vyuo vya huko huleta vijana wao kwetu, nasi twawapokea vizuri kama ilivyo desturi. Huja na barua, hupata kibali, hukaa miezi michache vijijini, huchukua maelezo ya wazee wetu na kurudi kwao kuandika tasnifu. Ni wangapi kati yao huandikishwa katika chuo chetu, wakatahiniwa na walimu wetu, wakabeba cheti chenye jina letu? Kama njia ni ya kwenda kwao kusoma na ya kuja kwetu kuchuma, hiyo si njia ya ushirika. Ni njia ya sokoni, na bei hatukuipanga sisi.

Wako watakaotujibu kwamba mwombaji hachagui, na fedha zote hutoka ng'ambo. Hoja hii ina nguvu, kwa hiyo tuitazame kwa makini. Kwanza, si kweli kwamba sisi hatutoi kitu. Mhadhiri akiwa katika likizo ya masomo na mshahara wake unaendelea, fedha hiyo hutoka katika hazina yetu. Ofisi ya msimamizi, umeme, gari la kwenda kijijini, karani anayeandika barua, mgonjwa anayetoa damu, mzee anayetoa habari: vyote hivyo ni vyetu, na havimo katika hesabu kwa sababu hakuna aliyeviandika. Sisi tulio watu wa hesabu twajua kwamba kisichoandikwa daftarini huhesabiwa kuwa bure.

Pili, tazameni wenzetu wa Nairobi. Mwaka 1988 ulianzishwa huko muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika, AERC. Fedha zake nyingi zilitoka kwa wafadhili, hilo hatulifichi. Lakini meza iliwekwa Nairobi. Mwaka 1993 ulianza mpango wa shahada ya uzamili ambao wanafunzi wa vyuo vya nchi nyingi husoma masomo ya msingi makwao, kisha hukusanyika Nairobi kwa masomo ya kuchagua, wakafundishwa na walimu waliokusanywa kutoka pande zote, kwa sababu hakuna chuo kimoja kilichokuwa na walimu wote. Mwaka 2002 ukafuata uzamivu kwa mtindo huohuo, na Dar es Salaam ikawa moja ya vyuo vinavyotoa shahada. Mwaka 2008 ulianzishwa mwingine, CARTA, wa wanaotafiti mambo ya afya ya watu, ukiongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika ya Kusini. Mwanafunzi wake ni mwajiriwa wa chuo au taasisi ya Afrika, huandikishwa katika chuo cha Afrika, huhudhuria semina nne za pamoja na wenzake wa nchi nyingine, na shahada hupewa na chuo cha Afrika. Basi fedha ya ng'ambo haimlazimishi mtu kuhamisha meza. Anayehamisha meza ni yule asiyejua anataka kula nini.

Wengine watasema: cheti cha Ulaya chaheshimiwa, cha jirani hakiheshimiwi. Twauliza, hakiheshimiwi na nani? Wanaokaa katika baraza za kuajiri ni watu wetu. Wanaotanguliza jalada la aliyesoma ng'ambo juu ya la aliyesoma Nairobi au Makerere, kabla hata hawajasoma tasnifu zao, ni watu wetu. Heshima ya cheti hutokana na ukali wa mtihani na uaminifu wa watahini. London iliaminika kwa sababu mtahini wa mbali aliisoma kazi ya mwanafunzi bila kumjua uso. Jambo hilo Dar es Salaam yaweza kulifanya kwa Nairobi, na Nairobi kwa Kigali, bila kumsumbua mtu wa London.

Wa mwisho watasema kwamba Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilivunjika, na la namna hiyo litavunjika tena. Sisi hatuombi kurudisha mwaka 1963. Kile kilivunjika kwa kuwa kilitaka kuwa chuo kimoja, na kila nchi ikaogopa kukosa kitivo chake. Twaomba kitu kidogo zaidi: vyuo vibaki vyote kama vilivyo, kila kimoja na bendera yake, lakini uzamivu uwe na wasimamizi wawili kutoka nchi mbili za Jumuiya, utetezi mmoja, na cheti chenye mihuri miwili. Kwa hilo hapana haja ya kujenga ukuta hata mmoja. Lataka waraka.

Kwa hiyo twatoa mapendekezo yafuatayo, tukiomba yaingizwe katika mambo ya mkutano mkuu wa mwaka.

La kwanza, chama kiandike kwa Wizara zinazohusika kuomba kwamba cheti cha chuo kinachotambuliwa na tume ya nchi mwanachama wa Jumuiya kitambuliwe nchini bila kupimwa upya kama cha ng'ambo.

La pili, kanuni za likizo ya masomo zitaje kwa jina uzamivu wa ushirika wa Afrika ya Mashariki, ili mtumishi anayesoma miezi sita Kampala na miezi sita hapa asihesabiwe kuwa mtoro wala asikatwe haki zake.

La tatu, mchango wetu katika kila makubaliano na chuo cha ng'ambo uandikwe kwa fedha: mishahara, ofisi, usafiri na saa za wasimamizi. Anayeonyesha alichokitoa huweza kudai anachostahili.

La nne, kila hati ya makubaliano ijibiwe maswali haya kabla haijatiwa sahihi. Swali la utafiti limetungwa wapi? Je, msimamizi wetu ana nguvu ya kukataa? Cheti kitakuwa na majina mangapi? Sampuli na takwimu zitawekwa wapi, na nani ataruhusiwa kuzitumia? Wanafunzi wa upande wa pili watatahiniwa kwetu? Na fedha ikikoma, nani atamfikisha mwanafunzi mwisho?

Tunajua kwamba karani haamui. Lakini karani ndiye aandikaye muhtasari unaosomwa na mwenye kuamua, na swali lililoandikwa kwa mwandiko mzuri katika ukurasa wa jalada halifutiki kwa urahisi. Bwana mkubwa aweza kulipita leo. Mrithi wake atalikuta. Basi kila mmoja wetu anayepitiwa na hati za namna hii ayaandike maswali hayo sita, kwa adabu na kwa lugha safi, aweke tarehe na sahihi yake.

Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu umechakaa, hilo twakiri, na pembeni umefumuka. Lakini ulifumwa hapa, na wanaojua kuufuma tena wapo Kampala, wapo Nairobi, wapo Kigali na Dar es Salaam. Waitwe wakae pamoja. Mgeni akija na msala wake, atakuta mahali pa kuutandika.

Wasalaam,

Sisi wenzenu wa meza ya majalada.